Rehema na Tumbo la Mama: Mwongozo wa Kufundisha Picha za Kike za Mungu katika Biblia
Kwa makatekista, wainjilisti, viongozi wa jumuiya na walimu wa watoto wa Miono na vijiji jirani

1. Mwongozo huu ni wa nani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa kazi. Unamlenga katekista wa kigangoni ambaye asubuhi yuko kwenye ufuta au mananasi na jioni anashika Biblia. Unamlenga mwinjilisti anayetembea kwa pikipiki kutoka Mandera hadi Mkange, mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) aliyepangiwa kutoa tafakari, na mwalimu wa watoto ambaye kila Dominika huulizwa maswali yasiyo na huruma.

Swali mojawapo ni hili: Mungu ni mwanamume? Wengi wetu tunalijibu kwa haraka, na kwa njia mbili. Wa kwanza humwambia mtoto aache maswali ya ajabu. Wa pili, aliyesikia mambo haya katika semina fulani, hutangaza kwamba Mungu ni mama na kwamba tumedanganywa miaka yote. Majibu yote mawili yanamnyima msikilizaji Maandiko yenyewe.

Msimamo wa mwongozo huu ni mmoja. Picha za mama, mkunga, mwanamke wa nyumbani na kuku mwenye vifaranga zimo katika Biblia. Zimewekwa humo na manabii, na watunga zaburi, na Yesu mwenyewe. Wajibu wa mwalimu ni kuzisoma hadi mwisho, bila kuzificha na bila kuzizidisha.

2. Msingi wa imani usiopaswa kutikisika

Kabla ya kufungua kifungu chochote, mwalimu awe na mambo matatu kichwani.

Kwanza, Mungu hana jinsia. Hesabu 23:19 na Hosea 11:9 zinatuambia kwamba Mungu si mwanadamu. Mwanzo 1:27 inasema mwanamume na mwanamke wote wawili wameumbwa kwa mfano wake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha katika aya ya 239 kwamba Mungu anapita tofauti ya mume na mke, na kwamba wema wake wa mzazi waweza kuelezwa pia kwa picha ya mama. Papa Yohane Paulo I alilisema jambo hilo hadharani Roma tarehe 10 Septemba 1978, naye Yohane Paulo II akalieleza kwa kirefu mwaka 1988 katika barua yake kuhusu hadhi ya mwanamke. Wala halikuanzia kwao: maaskofu waliokutana Toledo, Hispania, mwaka 675 walithubutu kusema kwamba Mwana amezaliwa kutoka tumbo la Baba.

Pili, jina na picha ni vitu viwili. Yesu alitufundisha kumwita Mungu Baba, na jina hilo linaeleza uhusiano wa Mwana na yule aliyemtuma. Kwa hiyo Baba Yetu inabaki Baba Yetu, na ubatizo unabaki kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mwaka 2008 Roma ilitamka kwamba ubatizo uliofanywa kwa maneno yaliyobadilishwa, kama vile Muumba, Mkombozi na Mtakasaji, si halali. Katekista anayebatiza mtoto aliye hatarini kufa asijaribu kutunga maneno yake.

Tatu, kila picha ina mpaka. Tunapomwita Mungu mwamba hatusemi kwamba ni jiwe. Tunapomlinganisha na mama tunasema kuna jambo kumhusu Mungu ambalo mama peke yake ndiye anayetusaidia kuliona. Swali la mwalimu liwe hilo siku zote: ni jambo gani?

3. Kiswahili chetu kinaficha nini, na kinaonyesha nini

Wengi wetu tunaisoma Biblia kwa Kiswahili tu, nayo ni lugha nzuri kwa kazi hii. Hata hivyo, inafaa kujua pale inapotusaidia na pale inapofunika.

Kiswahili hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Tukisema Mungu anapenda, kitenzi hakitaji jinsia, ilhali katika Kiebrania kitenzi chenyewe hubadilika. Hapo Mswahili amepata nafuu kubwa. Uzito unarudi upande wa vyeo. Biblia ya Union ya mwaka 1952 huandika BWANA mahali pa jina takatifu la Mungu, na bwana kwetu ni mwanamume, mwenye nyumba, pengine mume. Biblia ya Habari Njema imeweka Mwenyezi-Mungu mahali hapo. Msikilizaji aliyezoea neno moja akisikia jingine hupata mwanga mpya, kwa hiyo soma zote mbili.

Neno kuzaa ni mfano wa pili. Kwa Kiswahili baba huzaa na mama huzaa, na wote huitwa wazazi. Katika Kumbukumbu la Torati 32:18 Musa anawalaumu Waisraeli kwa kumsahau Mwamba aliyewazaa. Kiebrania kina vitenzi viwili katika mstari huo: cha kwanza chaweza kutumika kwa baba au mama, lakini cha pili ni cha mwanamke anayejipinda kwa uchungu. Mswahili haoni tofauti hiyo mpaka mwalimu amwambie.

La tatu ni roho. Kwa Kiebrania roho ni neno la kike, kwa Kigiriki halina upande, kwa Kilatini ni la kiume. Usijenge mafundisho juu ya jambo hilo. Kijana huanza na ki- kama kiti, na hakuna mtu wa Miono anayemwona kijana kuwa samani. Sarufi ni sarufi. Anayesema Roho Mtakatifu ni mwanamke kwa sababu ya Kiebrania amekosea, na anayesema ni mwanamume kwa sababu ya Kilatini amekosea vilevile.

La nne ndilo kubwa kuliko yote, na kama msomaji atasahau mengine, hili alishike. Ni neno rehema.

Tumelipokea neno hili kutoka Kiarabu, rahma. Mzizi wake ni uleule wa rahim, yaani tumbo la uzazi. Kiebrania, ndugu ya Kiarabu, kina mzizi huohuo: rehem ni tumbo la uzazi, rahamim ni huruma. Mungu anapojitambulisha kwa Musa katika Kutoka 34:6, sifa ya kwanza anayoitaja inatoka kwenye mzizi huo.

Angalia jinsi Biblia inavyolitumia neno hilo. Katika 1 Wafalme 3:26, mbele ya Sulemani na upanga wake, rahamim ya mama halisi inawaka moto kwa ajili ya mwanawe, naye yuko tayari kumkosa ili aishi. Katika Mwanzo 43:29-30, Yusufu anamwona Benyamini, mwana wa mama yake, na rahamim inawaka ndani yake hata anakimbilia chumbani kulia. Sisi tunao msemo wa jambo hilo: ndugu wa tumbo moja. Yusufu alikuwa na ndugu kumi waliosimama mbele yake, wote wa baba mmoja, lakini aliyemtoa machozi ni wa tumbo moja.

Kisha fungua Zaburi 103:13, ambapo Mungu anahurumia kama baba anavyowahurumia watoto wake. Kitenzi ni cha mzizi uleule. Hata pale Biblia inapomchora Mungu kama baba, huruma ya baba huyo inatajwa kwa neno lililozaliwa na tumbo la mama. Basi usiwagombanishe Baba na picha ya mama, maana Zaburi imewaweka katika sentensi moja.

4. Vifungu sita na namna ya kuvisoma

Mwanamke mwenye uchungu: Isaya 42:13-14. Anza na mstari wa 13, ambapo Mungu anatoka kama shujaa wa vita akipiga kelele. Mstari unaofuata, Mungu huyo huyo amenyamaza siku nyingi, na sasa analia, anahema, anatweta kama mwanamke anayejifungua. Nabii ameviweka vilio hivyo bega kwa bega, kwa kuwa nguvu ni ileile. Tumezoea kuhubiri kwamba picha ya mama maana yake ni upole. Mwulize mwanamke yeyote aliyewahi kuzaa kama siku ile alikuwa mpole. Uchungu ni kazi, ni hatari, na ukishaanza haurudishwi nyuma. Nabii anasema wokovu umefikia hapo: kimya kimekwisha na kinachokuja hakizuiliki. Katika mstari wa 16 kinachozaliwa kinaonekana, nacho ni njia mpya kwa vipofu.

Mkunga: Zaburi 22:9-10. Zaburi hii ndiyo Yesu aliyoianza msalabani. Mwenye kusali, katikati ya mateso, anakumbuka kwamba Mungu ndiye aliyemtoa tumboni na kumweka salama kwenye matiti ya mama yake. Hiyo ni kazi ya mkunga: kupokea, kufuta, kuweka kifuani. Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mwenye Zaburi anafuata hekima hiyohiyo: yu taabuni, anamwita yule aliyempokea mara ya kwanza. Hapa mwalimu anaweza kumshukuru mkunga wa zahanati mbele ya watu wote. Kazi yake ya usiku imo katika Zaburi.

Mbeleko: Isaya 46:3-4 na Hesabu 11:12. Katika Isaya 46 miungu ya Babeli inabebwa na wanyama na ng'ombe, nayo ni mzigo unaowachosha wanyama. Mungu wa Israeli ndiye anayebeba, tangu tumboni hadi mvi. Kila mtu wa Miono amewahi kuwa mgongoni, kwenye kanga iliyofungwa kifuani, shavu lake likiguswa na joto la mgongo wa mama aliyeinama kupalilia. Mtoto wa mbeleko haoni anakokwenda, ila anasikia moyo wa anayembeba. Hesabu 11:12 inaongeza jambo kwa viongozi waliochoka. Musa anamlalamikia Mungu: kwani mimi ndiye niliyeshika mimba ya watu hawa hata niwabebe kama mtoto anyonyaye? Jibu liko ndani ya swali. Aliyewachukua mimba ni Mungu, na kiongozi amepewa kusaidia kubeba tu.

Kuku na vifaranga: Mathayo 23:37 na Luka 13:34. Simama uani asubuhi. Koo anachakura jaani, vifaranga wametawanyika. Kivuli cha mwewe kinapita juu ya ardhi. Koo hatazami juu mara mbili: anatoa mlio mfupi wa koo, anashusha mbawa mpaka chini, na vifaranga wanapotea ndani ya manyoya. Mmoja wao huwa mbali. Kwa kifaranga huyo koo hana la kufanya zaidi ya kuita. Yesu alijichora hivyo alipoutazama Yerusalemu, na uchungu wa maneno yake uko hapo: aliita, wao hawakutaka. Katika Luka, mistari miwili kabla yake, Herode ameitwa mbweha. Mbele ya mbweha Yesu hakujiita simba. Kuku hana silaha zaidi ya mwili wake anaouweka kati ya adui na watoto, na msalaba unaanzia katika picha hiyo. Wazee wetu husema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Yesu alilengwa.

Mwanamke wa hamira na mwanamke wa shilingi: Mathayo 13:33 na Luka 15:8-10. Biblia ya Union inasema mwanamke alificha chachu katika pishi tatu za unga. Pishi ya Pwani ni vibaba vinne, kwa hiyo msikilizaji wetu ataona beseni moja la unga wa maandazi. Kipimo cha Injili ni kikubwa zaidi: ni takriban lita 39, karibu madebe mawili. Huo ni unga wa shughuli ya kijiji kizima, na ni kipimo kilekile ambacho Ibrahimu alimwambia Sara akikande walipofikiwa na wageni watatu, Mwanzo 18:6. Mwambie msikilizaji "madebe mawili", mwambie "hamira", na ataona mikono ya mwanamke ikizama hadi viwikoni katika Ufalme wa Mungu.

Katika Luka 15 kuna mifano mitatu: mchungaji, mwanamke, baba wa mwana mpotevu. Tunamhubiri wa kwanza na wa tatu, wa kati tunampita kama mtu anayepita kituo kisicho na abiria. Rudi kwake. Nyumba ni ya udongo, ina giza hata mchana. Amewasha taa, ameshika fagio, anafagia pembe kwa pembe akisikiliza mlio wa fedha. Ikiwa mchungaji anatuonyesha Mungu, na baba anatuonyesha Mungu, basi mwanamke huyu naye anatuonyesha Mungu, kwa kuwa Yesu amewapanga katika mstari mmoja na kuwapa furaha moja.

Mama mwenye hasira: Hosea 13:8. Mungu anasema atawakabili watu wake kama dubu aliyenyang'anywa watoto. Dubu hayupo kwetu, lakini aishiye njia ya Saadani anajua hakuna anayekaribia tembo jike mwenye ndama. Soma "dubu" kama ilivyoandikwa, kisha eleza kwa tembo. Kifungu hiki kinatuzuia tusimfanye Mungu-kama-mama kuwa wa kubembeleza tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu huo ukiguswa huwa moto.

5. Mila zetu na majirani zetu

Wakwere, Wazigua, Wadoe na Wazaramo kihistoria wamehesabu ukoo kwa upande wa mama, na sauti ya mjomba bado ina uzito katika nyumba nyingi. Mwali alipowekwa ndani alipewa mwanahiti, kinyago kidogo cha mti, akitunze kama anavyotunzwa mtoto, huku kungwi akimfunza. Kilichofundishwa kilikuwa wazi: watu huendelea kwa njia ya tumbo. Mwalimu asimgeuze mwanahiti kuwa sanamu ya Mungu, na asimdharau pia. Aseme tu kwamba watu waliojua thamani ya tumbo wana masikio mazuri ya kumsikiliza Isaya.

Tanzania ina mfano mwingine. Wairaqw wa Mbulu na Karatu tangu jadi wamemtaja Mungu kwa jina Looa, na Looa kwao husemwa kama mama, akihusishwa na jua. Tunautaja ili asitokee mtu wa kusema kwamba picha hizi zimeletwa juzi na wageni.

Majirani zetu wengi Miono ni Waislamu. Wao hawamwiti Mungu baba wala mama, na si kazi yetu kubishana nao barazani. Lakini kila wanapoanza jambo kwa bismillahi wanataja majina mawili ya mzizi wa rehema, na wanazuoni wao hufundisha uhusiano uliopo kati ya rahim na Rahman. Hapo pana neno la kuzungumza na jirani kwa heshima, kikombe cha kahawa mkononi.

6. Hatua za kuandaa kipindi

Hatua ya kwanza: soma kifungu kizima, angalau mistari kumi kabla na kumi baada. Isaya 42:14 bila mstari wa 13 ni nusu ya maneno.

Hatua ya pili: linganisha Biblia ya Union na Habari Njema. Pale zinapotofautiana, andika swali na umpelekee padri au mchungaji wako kabla ya siku ya kufundisha.

Hatua ya tatu: waulize kwanza wenye ujuzi. Musimbi Kanyoro wa Kenya, mtaalamu wa isimu aliyekuwa mshauri wa tafsiri za Biblia, alirudi kijijini kwao Bware kukisoma kitabu cha Ruthu pamoja na wanawake wa huko. Fuata mfano huo. Mwanamume akitaka kufundisha Isaya 42, awasikilize kwanza mama watatu wa jumuiya yake wakieleza uchungu ni nini, kwa kadiri wanavyopenda kusema.

Hatua ya nne: taja jambo moja ambalo picha inasema kumhusu Mungu, uliandike kwa sentensi moja. Kuku: Mungu anaweka mwili wake kati yetu na adui. Hamira: Mungu anafanya kazi kwa siri na kwa wingi. Sentensi isipopatikana, kipindi hakijawa tayari.

Hatua ya tano: chagua wakati. Kwa Wakatoliki, kalenda ya masomo inatoa nafasi zake. Isaya 66:10-14, juu ya Mungu afarijiye kama mama, husomwa Dominika ya 14 ya Mwaka C. Dominika ya 31 ya Mwaka A, Zaburi 131 inaimba juu ya mtoto aliyetulia kifuani pa mama yake, na Mtume Paulo, 1 Wathesalonike 2, anajilinganisha na mama anayenyonyesha. Usingoje Siku ya Mama mwezi wa Mei. Picha za Mungu ni za mwaka mzima.

7. Makosa ya kuepuka

Usitumie picha ya mama kuwaambia wanawake wavumilie kipigo au waendelee kubeba peke yao. Mungu anayebeba anawaagiza wanaume pia kubeba. Paulo, mwanamume, alijiita mama mwenye uchungu katika Wagalatia 4:19.

Usisahau nani ameketi mbele yako. Yupo aliyemzika mtoto mwezi uliopita. Yupo aliyengoja mimba miaka kumi. Yupo aliyeachwa mlangoni kwa bibi akiwa na wiki mbili. Isaya 49:15 iliwaona hao wote, kwa sababu inasema mama aweza kusahau, na Mungu hatasahau. Zaburi 27:10 inataja baba na mama kwa pamoja wanaomwacha mtoto. Biblia haikuwafanya mama wa duniani kuwa malaika, nawe usifanye hivyo.

Usibebe dhana zisizothibitishwa. Wapo wanaosema jina El Shaddai linatokana na neno la titi. Wataalamu hawajakubaliana. Vifungu vilivyo wazi vinatosha.

8. Maswali utakayoulizwa

Je, nikisali peke yangu naweza kumwambia Mungu anibebe kama mama? Ndiyo. Isaya amekupa maneno hayo. Sala za Kanisa zinazosaliwa pamoja ziache zilivyo.

Je, Bikira Maria ni upande wa kike wa Mungu? Hapana. Maria ni kiumbe, naye aliyaimba hayo mwenyewe alipojiita mtumishi. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walitufundisha kumpenda Maria, na kumpenda ni pamoja na kutompa nafasi asiyoitaka. Tukimsukumia yeye upole wote, Mungu atabaki mkali tu machoni pa watoto wetu, na hilo Biblia inalikataa.

Je, mwanamume anaweza kufundisha mambo haya? Anaweza, na inampasa. Yesu aliyesimulia habari za hamira, fagio na kuku alikuwa mwanamume, na alikuwa amekaa jikoni kwa mama yake akitazama vizuri.

9. Neno la mwisho kwa mwalimu

Tazama tulivyolisambaza neno rehema katika maisha yetu bila kujua. Binti anazaliwa, tunampa jina Rehema. Mzee anafariki, kesho yake hatumwiti tena kwa jina tupu. Tunasema marehemu. Neno hilo ni la mzizi uleule: maana yake ni mtu aliyerehemiwa. Kila tunapoketi msibani, Mkristo na Mwislamu kwenye mkeka mmoja, tunamkabidhi ndugu yetu kwa neno linalotoka kwenye tumbo la uzazi.

Ndivyo Isaya 46 ilivyosema: tangu tumboni hadi mvi, nami nitawabeba. Mwalimu, Dominika hii mtoto akikuuliza Mungu ni nani, usimfukuze na swali lake. Fungua kitabu, msomee kuhusu yule anayebeba, kisha mwulize ni nani aliyembeba yeye.